Kioo Kina Kiu: Kulipa Jambo Jina Si Kulieleza

Mwaka mmoja, tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulimkuta mwalimu mwanafunzi akifundisha habari za maji katika darasa la tano. Mezani alikuwa ameweka vipande viwili vya kioo. Kimoja alikuwa amekiosha kwa sabuni na kukisuuza vizuri. Cha pili alikuwa amekipaka nta ya mshumaa. Akadondosha tone la maji juu ya kila kimoja. Juu ya kioo kisafi tone likatandaa; juu ya nta likajikusanya likabaki kama ushanga. Mwalimu akauliza: "Kwa nini maji haya yametandaa?" Mtoto mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kusema: "Kioo kina kiu, mwalimu." Darasa likacheka. Mwalimu akasema kwamba jibu hilo si sahihi. Akaandika ubaoni kuwa kioo ni haidrofiliki, maana yake ni chenye kupenda maji, na darasa zima likayaitikia maneno hayo mara tatu.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma na karatasi ya ukaguzi tulimpa mwalimu yule alama za juu. Vifaa alikuwa navyo, ubao wake ulikuwa nadhifu, na somo lake lilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Leo hatuna budi kukiri kwamba tulikosea. Mtoto yule na mwalimu wake walikuwa wamesema jambo moja. "Kuwa na kiu" na "kupenda maji" ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja amevaa joho la Kiyunani. Hakuna aliyeeleza chochote, ila mmoja alichekwa na mwingine alisifiwa. Mtoto aliondoka darasani akiamini kwamba sayansi ni kubadilisha neno lako kwa neno la mwalimu.

Katika makala haya tunakusudia kutetea rai moja, nayo ni hii: mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha sayansi, kazi yake ya kwanza ni kuwazoeza watoto kutenganisha mambo matatu, yaani jina la jambo, jambo lililoonekana, na maelezo ya sababu yake. Tutatumia mfano wa maji yaliyo karibu na vitu "vyenye kuyapenda". Tumeuchagua kwa sababu ni jambo ambalo kila mtoto huliona, na hata hivyo limewafanya mabingwa wa dunia wabishane hadi miaka hii.

Yasiyo na ubishi

Tuanze na yale yaliyothibitika. Kila molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za hidrojeni. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na pande za hidrojeni zina chaji chanya kidogo. Kwa hiyo molekuli za maji huvutana. Uso wa kioo nao umejaa oksijeni na hidrojeni zilizokaa kwa namna inayoweza kuyavuta maji. Nta, kwa upande wake, ni minyororo ya kaboni na hidrojeni ambayo karibu haina chaji za kuyavuta. Tone lililo juu ya kioo huvutwa na kioo kwa nguvu inayoweza kushindana na mvuto wa maji kwa maji, nalo hutandaa. Tone lililo juu ya nta halipati mvuto wa kutosha kutoka chini, basi molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe na tone hujikunja.

Maelezo haya yanazidi jina kwa sababu yanaweza kutabiri. Yanatuambia kwamba maji yatapanda ndani ya mrija mwembamba wa kioo, na kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo yatakavyopanda juu zaidi. Tukipima tutaona kwamba katika mrija wenye uwazi wa milimita 1 maji hupanda kiasi cha sentimita 3, na katika mrija wa nusu milimita hupanda kiasi cha sentimita 6. Neno "haidrofiliki" peke yake lisingeweza kutupa hesabu hiyo, wala neno "kiu".

Jambo jingine lililothibitika ni kwamba uso wa kitu huathiri mpangilio wa molekuli za maji zilizo karibu nao. Zile zinazougusa uso hupangika tofauti kidogo na zile zilizo mbali. Lakini athari hiyo, kwa jinsi inavyofahamika na wengi, ni ya umbali mfupi mno: matabaka machache tu ya molekuli, kiasi cha nanomita moja au zaidi kidogo. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Zaidi ya hapo molekuli hupinduka na kubadilishana wenzi kwa kasi isiyoweza kufikirika, na mpangilio hupotea.

Yenye ubishi

Hapo ndipo ubishi ulipoingia. Mwaka 2003 Jian-ming Zheng na Gerald Pollack wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walichapisha habari ya ajabu. Walikuwa wameweka jeli ndani ya maji yaliyochanganywa na chembe ndogo sana za duara za plastiki, wakatazama kwa hadubini. Chembe hizo ziliondoka karibu na uso wa jeli, zikaacha eneo tupu. Baadaye walionyesha jambo hilo hilo, kwa nguvu zaidi, karibu na plastiki iitwayo Nafion, ambayo nayo huhesabiwa kuwa yenye kupenda maji. Eneo tupu lilifikia sehemu ya kumi ya milimita na hata zaidi. Kwa macho yetu hiyo ni nafasi ndogo. Kwa molekuli ya maji ni safari ya kupita wenzake zaidi ya laki tatu waliojipanga mstari. Mpangilio wa nanomita moja hauwezi kulieleza eneo kama hilo.

Jambo lililoonekana ndilo hilo, na wengine waliorudia jaribio nao wameliona. Swali ni sababu yake.

Pollack alitoa maelezo yake, akayaeneza hasa katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya kile alichokiita hali ya nne ya maji. Alisema kwamba karibu na uso wa namna hiyo maji hujipanga matabaka kwa matabaka, kama sega la nyuki, kwa umbali mrefu. Kwamba maji hayo si barafu, si mvuke, wala si maji ya kawaida. Na kwamba mpangilio huo huzisukuma nje chembe kwa kuwa hauna nafasi ya kuzipokea. Yeye na wenzake waliripoti pia kwamba eneo hilo lina chaji hasi, na kwamba mwanga, hasa miale ya infraredi, hulipanua.

Wengine walitoa maelezo tofauti. Mwaka 2013 Michael Schurr, mkemia wa chuo kikuu hicho hicho, alionyesha kwamba hapana haja ya maji mapya. Na mwaka 2014 Daniel Florea na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walipima mwendo wa chembe zenyewe. Hoja yao ni kama ifuatavyo. Nafion ni plastiki yenye asidi. Ikitiwa majini hutoa ayoni za hidrojeni na kupokea ayoni nyingine, kama za sodiamu, kutoka katika maji. Kwa hiyo chumvichumvi iliyo karibu na uso hailingani na ile iliyo mbali. Chembe zikiwa katika maji ambayo chumvi yake inazidi upande mmoja na kupungua upande mwingine, husukumwa kuelekea upande mmoja. Maji ni yale yale. Chembe ndizo zinazohamishwa na tofauti ya chumvi.

Tuseme mtu amesimama juu ya kilima anatazama uwanja wa arusi kwa mbali. Uwanja umejaa watu, lakini kando ya jiko pana eneo tupu. Anaweza kudhani kwamba pana ua ambao yeye hauoni, nao unawazuia watu wasikaribie. Au anaweza kudhani kwamba pana moshi, mzito karibu na mafiga na mwepesi kwa mbali, nao unawafukuza watu kidogo kidogo. Dhana zote mbili zinaeleza eneo tupu. Zitapambanuliwaje? Kwa kuuliza kila dhana ingetabiri nini. Kama ni ua, mpaka utasimama mahali pamoja. Kama ni moshi, eneo litaanza dogo na kupanuka jinsi moshi unavyosambaa, na upepo ukibadilika nalo litabadilika.

Ndivyo ilivyokuwa katika maji. Dhana ya ayoni hutabiri kwamba eneo tupu litapanuka jinsi mambo yasambaavyo majini, yaani muda ukiwa mara nne, upana utakuwa mara mbili. Na mwendo uliopimwa Eindhoven ulilingana na hesabu za nadharia hiyo. Tena, maabara ya Pollack yenyewe iliripoti mwaka 2010 kwamba maeneo tupu ya namna hiyo huonekana pia katika vimiminika vingine, zikiwamo alkoholi. Ikiwa eneo tupu hutokea mahali pasipo maji, ni vigumu kusema kwamba linaletwa na hali mpya ya maji. Daniel Elton na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2020, waliyapima maelezo haya yote na kuona kwamba lile la ayoni ndilo lenye nguvu zaidi. Nasi, kwa ushahidi uliopo, tunakubaliana nao. Lakini tunasema hivyo kwa sababu ya ushahidi. Wingi wa waliokubali si hoja.

Funzo la maji ya polima

Hii si mara ya kwanza kwa maji kuwapoteza wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nikolai Fedyakin, aliyefanya kazi Kostroma katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, alipata ndani ya mirija myembamba sana ya kioo maji mazito yasiyoganda wala kuchemka kama maji mengine. Boris Deryagin, bingwa mashuhuri wa Moscow, aliichukua kazi hiyo na kuiendeleza. Kufikia mwaka 1969 wataalamu wa Marekani nao walikuwa wakiyaita maji ya polima, na maabara nyingi zikaingia mbioni. Kisha Denis Rousseau akaonyesha kwamba vipimo vya miale ya infraredi vya maji hayo vilifanana na vya jasho la binadamu, jasho lake mwenyewe likiwa miongoni mwa sampuli zake. Uzito ule wa ajabu ulitokana na uchafu ndani ya mirija. Mwaka 1973 Deryagin mwenyewe alikubali, kwa maandishi, kwamba maji yale hayakuwa maji mapya.

Msomaji asifanye haraka kumcheka Deryagin. Kwanza, aliikana dhana aliyoipigania kwa miaka kumi, mbele ya dunia nzima. Ni wangapi kati yetu walimu huikana sentensi moja mbele ya watoto arobaini? Pili, ni Deryagin huyo huyo aliyeeleza na wenzake, mwaka 1947, jinsi chembe zinavyosukumwa na tofauti ya chumvi majini. Jambo hilo ndilo linalotumika leo kueleza eneo tupu la Seattle. Mtu mmoja alikosea kuhusu maji na pia alituachia ufunguo wa kuepuka kosa linalofanana na hilo. Mwalimu anayewagawa wanasayansi kuwa wenye akili na wapumbavu hatakuwa na la kusema juu ya mtu wa namna hii.

Darasani tufanyeje?

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watapinga. Watasema: "Watoto wa shule ya msingi hawawezi kufahamu ayoni. Mkiwaletea ubishi mtawachanganya, na mtihani unataka jibu moja." Pingamizi hili lina uzito, wala hatulidharau. Hatusemi kwamba habari za Nafion zifundishwe darasa la tano. Tunasema kwamba namna ya kufikiri iliyowapambanua wataalamu hao inaweza kufundishwa kwa sahani, maji, sabuni na pilipili manga.

Chukua sahani pana, mimina maji, kisha nyunyiza pilipili manga iliyosagwa ielee juu. Paka ncha ya kidole sabuni, uguse katikati. Pilipili itakimbilia kandokando, na katikati patabaki eneo tupu. Sababu yake si ile ya Nafion, na mwalimu asizichanganye. Lakini swali lake ni la aina moja. Gawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja andika "Tuliyoyaona", na upande wa pili "Tunavyodhani". Waache watoto waseme. Yamkini wengi watasema kwamba pilipili inaogopa sabuni. Andika maneno hayo kama yalivyo, katika upande wake. Mtoto akisema kwamba sabuni imelegeza ngozi ya maji pale ilipogusa, na ngozi ya kandokando ikavuta, andika na hilo. Ikiwa hakuna asemaye hivyo, lisema wewe, lakini kama dhana moja zaidi.

Kisha uliza swali ambalo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko yote katika somo la sayansi: "Kama ni hivyo, basi tutaona nini?" Kama sabuni inaifukuza pilipili, basi itaifukuza hata katika sahani kavu, na tukigusa maji yale yale mara ya pili, itaifukuza tena. Kama sabuni imelegeza uso wa maji, basi katika sahani kavu hapatatokea kitu. Na mguso wa pili hautafanya mengi, kwa kuwa uso wote umekwisha kulegea. Watoto waseme kwanza watakaloliona, waandike, ndipo wajaribu. Katika sahani kavu pilipili itatulia. Katika mguso wa pili itasogea kidogo mno au isisogee kabisa. Hapo hatahitajika mwalimu kumwambia mtoto kwamba dhana yake imeanguka. Ataiona ikianguka, na hatachekwa na mtu, kwa kuwa dhana iliyoanguka imefanya kazi yake.

Mwalimu mwanafunzi na ajihadhari na mambo mawili madogo. Sahani ioshwe na kusuuzwa vizuri kabla ya kurudia jaribio tangu mwanzo, maana mabaki ya sabuni yataharibu matokeo. Na jaribio lifanywe nyumbani kwanza, siku moja kabla, ili mwalimu asikutane na mshangao mbele ya darasa bila kuwa na la kuuliza.

Hatari mbili

Ziko hatari mbili katika njia hii. Ya kwanza ni ile tuliyoieleza, yaani kuwalisha watoto majina kana kwamba ni sababu. Ya pili ni kinyume chake, nayo ni mbaya vilevile: kuwaambia kwamba, maadamu wataalamu wanabishana, kila dhana ni sawa na nyingine. La hasha. Dhana mbili zikisimama pamoja leo, haina maana kwamba zitasimama pamoja kesho baada ya kupimwa. Mwalimu anayesema "kila mtu na maoni yake" mbele ya sahani ya pilipili amewanyima watoto tunda la kazi yao.

Hatari hii ya pili haiishii darasani. Habari za eneo tupu zilipoenea, wafanyabiashara katika nchi mbalimbali walianza kuuza chupa na mashine za maji yanayosemekana kuwa "yamepangika", na kuyasifu kwamba huleta afya na kuondoa maradhi. Hakuna uthibitisho madhubuti kwamba maji hayo yanatibu chochote. Mnunuzi huambiwa kwamba profesa ameliona jambo hili kwa hadubini, na kwa hakika profesa ameliona eneo tupu. Lakini kutoka eneo tupu hadi maji mapya ni hatua moja isiyothibitika; kutoka maji mapya hadi dawa ni hatua ya pili, isiyothibitika zaidi. Mtu asiyezoea kutenganisha lililoonekana na linalodhaniwa hazioni hatua hizo. Huona barabara moja iliyonyooka, naye huitembea akiwa na fedha zake mkononi, na pengine akiwa na mgonjwa nyumbani. Ubao uliogawanywa sehemu mbili katika darasa la tano ni kinga yake, na kwa watoto wengi huenda ikawa kinga pekee watakayopewa.

Neno la mwisho

Kwa hiyo tunawaomba walimu wanafunzi, na pia wakufunzi wenzetu tunaokwenda kuwakagua, tubadili tunachokitafuta darasani. Tusiridhike kwa kuwa neno la kitaalamu limeandikwa ubaoni na kuitikiwa na wote. Tutazame kama mwalimu amewauliza watoto wangetarajia kuona nini, na kama amekubali kusema "bado hatujui" pale ambapo kweli hatujui.

Na mtoto yule wa nyuma? Laiti tungerudi siku ile, tungemwomba mwalimu asiwaache wenzake wamcheke. Angemwambia: "Vema. Kama kioo kina kiu, basi kikishashiba maji kitaacha kunywa. Tufanyeje ili tuone?" Mtoto angeongeza tone la pili, la tatu na la nne. Angechungulia kama maji yanaingia ndani ya kioo au yanabaki juu yake. Angekipangusa na kukikausha, kisha angejaribu tena. Kabla ya kengele kulia angekuwa amegundua mwenyewe kwamba kioo hakinywi, kwamba maji yameshikwa juu ya uso tu, na kwamba swali la nini kinayashika bado liko wazi mbele yake. Hapo ndipo mwalimu angemfungulia habari za molekuli, naye angezipokea kama jibu la swali lake mwenyewe.